Kuchagua Chuo cha Udaktari

Mwaka huu sisi wa Kidato cha IV tumejaza fomu za kuchagua masomo ya Kidato cha V. Katika darasa letu wengi wameandika Fizikia, Kemia na Biolojia. Ukimwuliza mmoja wao sababu yake, atakujibu mara moja, “Nataka kuwa daktari.” Hilo ni jambo jema, wala hapana mzazi asiyefurahi kulisikia. Lakini ukimwuliza swali la pili, “Utasomea wapi, na nani atalipa?” utaona ananyamaza, au anacheka na kukuambia kwamba siku hiyo bado iko mbali.

Siku hiyo si mbali. Nyumbani kwetu Kamachumu, katika Wilaya ya Muleba, ilifika Septemba mwaka jana, nayo ilitukuta hatujajiandaa. Dada yangu ndiye aliyekuwa na barua mkononi, lakini shauri lile lilitugusa wote, hata mimi niliyekuwa Kidato cha III. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu niyaeleze niliyoyaona na niliyoyauliza, ili wenzangu na wazazi wao wafikiri mapema kuliko sisi.

Kwanza yafaa tujue habari ya vyuo vyenyewe. Zamani wazee wetu hawakuwa na cha kuchagua. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya uganga yalianza katika miaka ya 1920. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo hawakuzidi kumi na wawili hivi. Mwaka 1963 ikafunguliwa Shule ya Uganga ya Dar es Salaam, katika hospitali iliyokuwa ikiitwa Princess Margaret na ambayo leo twaiita Muhimbili. Shule hiyo ilikua na kubadilishwa jina mara nyingi: mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu, mwaka 1991 ikawa chuo kishiriki, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kinachojitegemea. Kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, mtu akisema “chuo cha udaktari” katika Tanzania Bara alikuwa na maana ya Muhimbili, na gharama ilikuwa ya serikali.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Vyuo vikuu vya binafsi viliruhusiwa, na wanafunzi nao wakaanza kuchangia gharama za masomo yao. Mwaka 1997 kilianza chuo cha udaktari penye hospitali ya KCMC, Moshi. Mwaka huo huo, Dar es Salaam, kilianza chuo ambacho leo kinaitwa kwa kumbukumbu ya Profesa Hubert Kairuki. Mwaka 2003 kikaanza chuo cha Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa letu. Serikali nayo haikukaa kitako. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha udaktari, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya afya huko Mbeya. Basi leo mwanafunzi anaweza kuchagua, na penye kuchagua pana kusumbuka.

Watu wengi hudhani kwamba tofauti ya vyuo vya serikali na vya binafsi ni kama ya mchana na usiku. Mimi nilidhani hivyo. Lakini sisi wa Muleba, tukitazama vizuri, tungekuwa wa mwisho kudhani hivyo. Hospitali zinazojulikana zaidi wilayani kwetu ni Rubya, ambayo ni ya Kanisa Katoliki, Ndolage, ambayo ni ya Walutheri, na Kagondo, nayo ya Wakatoliki. Rubya, ingawa ni ya kanisa, kwa miaka mingi ilifanya kazi ya hospitali ya wilaya kwa mapatano na serikali. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, mwaka uliofuata ikatwaliwa na serikali, na mwaka 1985 ikarudishwa kwa maaskofu kwa mapatano ya kuendeshwa pamoja. Katika hospitali za namna hii utakuta watumishi wanaolipwa mshahara na serikali wakifanya kazi katika majengo ya kanisa. Mgonjwa anayeletwa pale kwa pikipiki usiku hajui mpaka uko wapi, wala hana haja ya kujua.

Katika likizo moja nilimwendea daktari mmoja katika hospitali ya huku kwetu nikamwuliza ni chuo gani bora. Alikuwa amechoka kwa kazi ya usiku, lakini alinipa kiti. Akaniambia, “Kijana, mimi nilisoma chuo cha serikali. Huyu mwenzangu wa wodi ya watoto alisoma cha binafsi. Wote tulisoma miaka mitano, wote tulifanya mwaka mmoja wa utarajali, na wote tumeandikishwa na Baraza moja la Madaktari la Tanganyika. Tukiwa kazini hakuna anayetuuliza.” Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, “Usiulize tu chuo ni cha nani. Uliza kina wagonjwa wangapi wa kujifunzia, kina walimu wangapi, na wewe una fedha ya kukufikisha mwaka wa ngapi.” Wakati ule sikulielewa sana neno lake la mwisho.

Sasa nieleze habari ya dada yangu. Alimaliza Kidato cha VI mwaka jana kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Alifaulu masomo yote matatu, lakini si kwa alama za juu kabisa. Akaomba vyuo kadha wa kadha. Kwa kuwa siku hizi mwanafunzi huomba chuoni moja kwa moja na Tume ya Vyuo Vikuu husimamia utaratibu, majibu yalikuja kwa simu ya baba. Chuo kimoja cha serikali hakikumpa udaktari; kilimpa uuguzi. Chuo kimoja cha binafsi kilimpa udaktari. Alitakiwa athibitishe kimoja kwa siku chache tu, na nafasi ya kile cha pili ingekwenda kwa mwingine.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Ada ya chuo kile cha binafsi ilipita shilingi milioni tano kwa mwaka. Ada ya chuo cha serikali ilikuwa chini ya nusu yake. Ukiongeza chakula, malazi, vitabu, vifaa na nauli, baba alipata jumla ya shilingi milioni nane kwa mwaka mmoja. Baba ni mkulima wa kahawa na ndizi, na mama ana mivanila michache nyuma ya nyumba. Sijapata kuona milioni nane, wala nadhani baba hajapata.

Naomba hapa niseme jambo moja ambalo wazazi wengi hawaliwazi mapema. Kizazi chetu kimesoma bila ada. Elimu ya sekondari mpaka Kidato cha IV ilifanywa bila ada kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2022 ada za Kidato cha V na VI zikaondolewa. Hilo tunalishukuru sana, maana bila hilo wengi wetu tusingekuwa katika bweni hili. Lakini matokeo yake ni kwamba mzazi huzoea kununua sare, godoro, daftari na sabuni tu, halafu ghafla, mwana akiwa na miaka ishirini, huletewa hesabu ya mamilioni. Ni kama mtu aliyetembea uwanda mrefu akafikia mlima mkali hatua ya mwisho.

Jumamosi moja baba aliita watu wa ukoo. Walikuja baba mkubwa, wajomba wawili, na wazee wa karibu. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi, nikaambiwa nikae, nisisimame mlangoni kama mtoto. Bibi, mama yake baba, alikaa kwenye mkeka karibu na nguzo, akitafuna kahawa yake.

Baba akaeleza kwamba amepata mnunuzi wa kishamba cha mteremkoni. Kile kishamba ni cha bibi. Alikirithi kwa marehemu baba yake, na tangu zamani imesemwa kwamba kitakuja kuwa changu mimi, mtoto wa kiume wa kwanza. Kina migomba, mibuni ya zamani, na miti michache ya mbao. Mnunuzi alitaka kutoa shilingi milioni kumi na nne taslimu.

Mzee mmoja akasema wazi yaliyokuwa moyoni mwa wengi. Alisema, “Huyu ni binti. Akimaliza ataolewa, na elimu itakwenda ukoo mwingine. Mtauza kibanja cha mvulana kwa ajili ya nyumba ya watu?” Mwingine akasema kwamba bibi ni mwanamke, na mwanamke hana neno juu ya kuuza ardhi ya ukoo. Hapo nilikumbuka somo letu la uraia. Mwalimu alitufundisha kwamba mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu kule Mwanza, aliamua shauri lililotoka huku huku Uhayani, akasema kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki sawa na mwanamume kuiuza. Nililisema hilo kwa heshima. Wazee walinitazama, kisha wakamtazama bibi. Bibi akasema, “Basi niulizeni mimi.”

Walipomwuliza, bibi alisema yeye hana kinyongo, bali yule atakayelala juu ya ardhi ile ni mjukuu wake, kwa hiyo aulizwe yeye kwanza. Macho yote yakanigeukia.

Wasomaji wapenzi, sitaki mnidhanie kuwa nilikuwa shujaa. Naipenda ardhi ile. Nimechuma kahawa pale tangu nikiwa na umri wa kubeba kikapu kidogo, na kaburi la baba yake bibi liko upande wa juu, chini ya mti. Vilevile nampenda dada yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kugawanya kwa njia ndefu. Nikasema, “Waitu baba mkubwa, na ninyi wazee wangu, kama kuuza kibanja kungemfanya dada awe daktari, ningesema kiuzwe leo. Lakini naomba tupige hesabu kwanza.”

Nikachukua daftari langu. Milioni nane kwa mwaka, mara miaka mitano, ni milioni arobaini. Kibanja kitaleta milioni kumi na nne. Maana yake kibanja chote, pamoja na migomba, mibuni na kaburi la mzee, kitamsomesha dada mwaka mmoja na miezi tisa. Kabla mwaka wa pili haujaisha kitakuwa kimekwisha. Na mtu aliyeacha udaktari mwaka wa pili si nusu daktari. Ni mtu asiye na cheti, na nyumbani kwao hapana kibanja.

Watu walinyamaza. Ndipo nilipolielewa neno la yule daktari wa hospitali: fedha ya kukufikisha mwaka wa ngapi.

Mjomba mmoja akatoa shauri la butura. Wasomaji wa mbali na Kagera pengine hawalijui neno hili. Ni kuuza kahawa ingali mtini, mara nyingine ingali maua, kwa mtu anayekupa fedha sasa na kuja kuichuma baadaye. Bei yake ni ya chini sana, na serikali imeikataza mara nyingi, lakini shida haisomi matangazo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kutoa milioni moja na laki mbili kwa msimu unaokuja. Baba alikataa palepale. Alisema, “Butura ni kula mbegu. Msimu ujao nitauza butura tena kwa sababu ya butura ya mwaka huu.”

Ikabaki njia ya tatu, kwamba dada akubali uuguzi katika chuo cha serikali. Mama alisema kwamba uuguzi si kazi ya kudharauliwa, na ni kweli. Mkoani kwetu twajua vizuri wauguzi ni watu gani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na watumishi wa hospitali zetu waliwahudumia watu wakati majirani walikuwa wakikimbia. Machi mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotokea Bukoba Vijijini, watu sita walikufa, na mmoja wao alikuwa mtumishi wa afya. Ulipotokea tena mwaka 2025 huko Biharamulo, watu wote kumi waliohesabiwa kuwa na ugonjwa walikufa. Mtu anayeingia wodini siku kama hizo ana moyo, awe muuguzi au daktari. Lakini dada alisema, “Mama, mimi nitauheshimu uuguzi kwa maisha yangu yote. Ila nikisoma uuguzi kwa sababu ya ada tu, nitakuwa nimechukua nafasi ya mtu aliyeutamani.” Neno hilo lilimnyamazisha hata yule mzee aliyesema mambo ya kuolewa.

Iko pia njia ya nne, nayo ndiyo ambayo wengi hawaijui au huisahau. Ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Wengi kijijini walidhani kwamba mkopo ni wa wanafunzi wa vyuo vya serikali peke yao. Sivyo. Hutolewa pia kwa wanaosoma vyuo vya binafsi vinavyotambuliwa, kwa kutazama uhitaji wa mwombaji. Dada alikuwa ameomba mapema, akaambatisha vyeti vyote. Tabu ilikuwa hii: siku ya kuthibitisha chuo hutangulia, na majina ya waliopata mkopo hutoka baadaye. Mtu hutakiwa aruke kabla hajaona kama upande wa pili pana ardhi.

Baba mkubwa, ambaye alikuwa amekaa kimya muda mrefu, ndiye aliyelifungua fundo. Aliuliza, “Kuthibitisha kunatugharimu nini?” Dada akajibu kwamba hakuna ada ya kuthibitisha. “Basi,” akasema, “thibitisha udaktari. Kibanja kisiuzwe. Mkopo ukitoka, tutatazama pengo lililobaki ni kiasi gani. Tukiweza kuliziba kwa miaka mitano yote, utakwenda. Mkopo usipotoka, hutaripoti chuoni. Utakaa nyumbani mwaka mmoja, utafundisha watoto hapa kijijini, na mwakani utaomba tena vyuo vya serikali vyote, si kimoja au viwili. Mwaka mmoja wa kungoja si msiba. Msiba ni kuuza na kukosa.”

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Oktoba nilikuwa shuleni hapa, nikiomba ruhusa kila Jumapili nipige simu nyumbani. Orodha ya kwanza ya mkopo ilitoka, jina lake halikuwamo. Ya pili ikatoka, halikuwamo. Baba aliniambia kwamba dada alikuwa ameanza kulima, na hakuwa akizungumza sana. Katika orodha ya tatu jina lilionekana. Alipewa fedha ya chakula na malazi, ya vitabu, na sehemu ya ada. Pengo lililobaki lilikuwa shilingi milioni mbili na laki nne kwa mwaka.

Wakapiga hesabu tena, safari hii bila mimi. Kile kishamba cha mteremkoni kilikodishwa kwa mtu kwa laki tano kwa mwaka, kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na mkataba unasema wazi kwamba mibuni haing'olewi na kaburi haliguswi. Kahawa ya baba, ikiuzwa kwa chama cha ushirika na si kwa butura, itatoa milioni moja ya chuo. Vanila ya mama laki tano. Baba mkubwa aliahidi laki nne. Jumla ni milioni mbili na laki nne kamili. Hapana senti iliyozidi, lakini hapana iliyopungua.

Dada aliondoka kwa basi la alfajiri kutoka Muleba mjini, akiwa na sanduku moja na kifurushi cha senene walichomfungia majirani. Sasa amemaliza mwaka wa kwanza. Hatujavuka mto. Bei ya kahawa ikishuka msimu mmoja tu, hesabu yote itavurugika, na baba analijua hilo kila anapotazama mvua. Tena mkopo si zawadi. Akianza kazi atakatwa asilimia kumi na tano ya mshahara wake mpaka deni liishe, na kazi yenyewe siku hizi haipatikani mara tu mtu amalizapo, kwani wako madaktari vijana wanaongoja kuajiriwa. Anayesema kwamba tulichagua njia rahisi hajui anachosema. Tulichagua njia ambayo tuliweza kuuona mwisho wake.

Kutokana na mambo hayo, nadhani wanafunzi wenzangu wenye nia ya udaktari, pamoja na wazazi wao, yafaa wajiulize maswali haya mapema, ikiwezekana Kidato cha IV na si siku ya kupokea barua.

Kwanza, je, chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na mafunzo yake yanakubaliwa na Baraza la Madaktari? Hili ndilo la kwanza kwa chuo cha aina yoyote. Jengo zuri na matangazo mengi si jibu.

Pili, wanafunzi wanajifunzia hospitali gani? Udaktari haufundishwi kwa ubao peke yake. Chuo chenye hospitali kubwa, kama Muhimbili, KCMC au Bugando, kina wagonjwa wa kila namna. Lakini uliza pia wanafunzi ni wangapi kwa mgonjwa mmoja, maana ukisimama nyuma ya wenzako ishirini hutasikia moyo wa mgonjwa ukipiga.

Tatu, gharama ni kiasi gani kwa miaka yote mitano, si kwa mwaka wa kwanza tu? Ongeza chakula, chumba, vitabu na nauli. Mzazi anayeuza mali ili alipe mwaka wa kwanza bila kujua wa pili utalipwa na nini amepanda mchongoma. Kushuka ndiko kwenye ngoma.

Nne, mkopo umeombwa kwa wakati na kwa vyeti kamili? Wenzetu wengi hukosa kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa kisichothibitishwa au saini iliyosahauliwa, hali wanastahili. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 uko pia ufadhili uitwao Samia Skolashipu, kwa waliofaulu vizuri kabisa masomo ya sayansi Kidato cha VI. Huo hauombwi kwa machozi. Huombwa kwa alama.

Tano, ni nani wengine nyumbani wanaongoja zamu yao? Hili ni gumu kulisema, lakini ni lazima. Kwetu, baada ya dada niko mimi, na baada yangu wako wawili.

Pengine mwaniuliza, wewe je, umeamua nini? Nimeandika Fizikia, Kemia na Biolojia, na mkono wangu haukutetemeka. Mungu akinijalia kufika Kidato cha VI na kufaulu, nitaanza kwa kuomba vyuo vya serikali, vyote vinavyofundisha udaktari, kama cha Dar es Salaam, cha Dodoma na cha Mbeya. Sababu yangu si kuvidharau vya binafsi. Dada yangu yuko kimoja, na barua zake zimejaa habari za walimu wanaojua kazi yao. Sababu yangu ni kwamba kahawa ile ile ya baba haiwezi kulipa ada mbili kubwa kwa wakati mmoja. Nafasi za serikali ni chache na wanaozitaka ni wengi, kwa hiyo alama nitakazopata ndizo zitakazoamua kama baba atalala usingizi. Kwangu mimi, saa moja ya kusoma Kemia usiku wa leo ni sawa na gunia la kahawa ambalo baba hatalazimika kuliuza.

Tena nawaomba wazazi watakaosoma gazeti hili siku ya kufunga shule wasitufiche hesabu za nyumbani. Kuna wazazi wanaodhani kwamba mtoto akijua umaskini wa nyumbani atakata tamaa. Mimi niliambiwa, nikaketishwa na wazee, nikapewa daftari, na tangu siku ile sijapoteza muda wa prepu hata jioni moja. Kijana anayejua bei ya kitabu hukisoma tofauti na asiyejua.

Na ninyi wenzangu, msiwacheke wanaosoma chuo hiki wala kuwatukuza wa chuo kile. Watu wa Kamachumu, wa Rubya, wa Kagondo na wa Bukoba mjini wanangoja mtu atakayekuja usiku akiitwa, anayejua kazi yake na asiyewakaripia wagonjwa. Huyo anaweza kutoka chuo cha serikali, na anaweza kutoka cha binafsi. Kinachotakiwa ni kwamba afike mwaka wa tano, amalize, na arudi.

Mwanafunzi, Kidato cha IV